Vitanda Viwili Kando ya Mitungi

2 Aprili

Kosa wanalolifanya wengi wakipata kitanda cha kamba kilichochakaa ni kuanza kukitengeneza. Wanaona kamba imelegea, wanaikata. Wanaona tendegu linacheza, wanapiga msumari. Hakuna anayekaa kwanza akajiuliza kimechakaaje, na kwa nini upande huu na si ule. Nilifundisha sayansi hapa Berber mpaka nikastaafu, na kosa hilohilo nililiona kila mwaka: mwanafunzi anajibu swali kabla hajalisoma. Naandika kurasa hizi ili atakayerithi vitanda hivi baada yangu asome swali kwanza.

Vitanda vyenyewe ni viwili, vya dada yangu Sittana na marehemu mumewe, Khojali. Tangu waoane vimekaa uani sambamba, kando ya mitungi ya maji ya kunywa, na kila kiangazi walilala hapo, kama sote tunavyolala nje joto likianza. Khojali alifariki msimu wa baridi uliopita. Sasa joto limefika na Sittana analala chumbani, mlango umefungwa, chini ya feni kuukuu. Umeme ukikatika chumba kinakuwa tanuri.

Jana asubuhi binti yake, Ihsan, alimkuta ameanguka karibu na mlango. Daktari akamtundikia maji, kisha akasema mbele yetu sote, "Hajati, moyo wako hauwezi kumaliza kiangazi katika chumba kile. Lala nje kwenye upepo. Ama sivyo nitakuwa nakuja kila wiki, na wiki moja nitachelewa."

"Ukichelewa nitakungoja," Sittana akamjibu.

Leo mwanawe Mutasim amepiga simu kutoka Jedda. Ameagiza Khartoum vitanda viwili vya chuma pamoja na magodoro. Lori litavileta mwishoni mwa Mei.

"Mama anaumwa mgongo, ndiyo maana halali nje," akasema. "Hivyo vya kamba mpe mwokaji mikate, Mjomba, avitie tanurini."

Nikamwomba aniachie mpaka lori lifike.

"Uvifanye nini?"

"Nivisome."

"Vitanda, Mjomba?"

3 Aprili

Nimevikagua asubuhi nzima. Kitanda chetu kina matendegu manne, mifumbati miwili kwa urefu na vitakizo viwili kwa upana, vyote mti wa mgunga, na kamba iliyowambwa katikati. Basi. Hakina gundi wala chuma. Mifumbati na vitakizo vina ndimi zinazoingia katika matundu ya matendegu, na kinachozuia visitoke ni kamba yenyewe inayovivutia ndani. Kamba ikilegea, mbao zote zinalegea.

Kitanda cha Khojali kimeoza tendegu moja, la kichwani, upande wa mitungi. Cha Sittana nacho kimeanza kuoza tendegu moja, la kichwani, upande uleule. Matendegu mengine ukiyagonga yanalia kama jiwe.

Kwa nini hayo mawili tu?

4 Aprili

Vumbi kutwa. Sikufanya kitu.

6 Aprili

Amekuja Hamad-Elnil, jirani yangu, aliyekuwa seremala wa mabehewa kule Atbara. Alikizunguka kitanda cha Khojali mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Mwalimu, mgonjwa huyu anataka bolti nne tu, anapona."

"Kitanda cha kamba hakifungwi bolti."

"Ndiyo maana kinalia. Umewahi kuona behewa limefungwa kwa kamba?"

"Nimewahi kuona behewa limeacha reli."

"Lile kosa la dereva."

Sittana alikuwa barazani anachambua bamia. Hakuinua uso. "Hamad-Elnil, umri wako wote umetengeneza mabehewa, na treni haikufika kwa wakati hata siku moja."

"Mimi nilikuwa idara ya mbao, Hajati. Wakati ulikuwa idara nyingine."

Nikamweleza jambo ambalo alilijua vizuri kuliko mimi, ila alikuwa amelisahau kwa mapenzi ya chuma: mgunga hunywa unyevu ukavimba, ukauka ukanywea, mwaka hata mwaka. Ukiufunga kwa bolti, utapasuka palepale ulipoufunga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanywa kahawa yangu, akasema atarudi kesho na patasi, kwa sababu nikiachwa peke yangu nitafundisha kitanda mpaka kife.

8 Aprili

Swali la matendegu nimelijibu nikiwa nimekaa tu. Magharibi Ihsan alitoka kunyunyizia ua maji, kama kila nyumba ya mtaa huu inavyofanya ili mchanga upoe na vumbi litulie kabla ya kutandika. Alichota mtungini kwa kata. Kabla hajaanza kuzunguka alisimama palepale, mkono wake ukirusha maji bila yeye kufikiri, akizungumza nami. Mahali pa kwanza palipolowa ni kwenye matendegu yale mawili. Na mtungi wenyewe hujichuja usiku kucha, tone baada ya tone, kuelekea hapohapo.

Sote tunanyunyizia. Mama yangu alinyunyizia, na mama yake. Tumekuwa tukijipoza sisi na kuyaozesha matendegu kwa kata ileile. Nimemwomba Ihsan vigae vinane bapa tuviweke chini ya miguu.

"Kumbe miaka yote ilikuwa mimi, Mjomba?"

"Wewe na bibi yako na bibi yake."

"Afadhali. Sikupenda kuwa peke yangu."

9 Aprili

Nimemuuliza Sittana kwa nini halali nje.

"Mgongo."

Lakini kila siku, tangu asubuhi mpaka kivuli kinapohama, anakaa juu ya kitanda chake uani, pale kamba zilipolegea kabisa, anachambua bamia na kupokea wageni, wala hashiki kiuno. Mgongo gani huo unaouma usiku tu?

Ihsan alinisindikiza mpaka mlangoni. Akasema polepole, mama yake asisikie, "Mjomba, si mgongo. Ni kitanda cha baba. Ndicho tulichombebea mpaka makaburini."

Ni kweli. Kwetu mtu hubebwa juu ya kitanda chake, na ukoo wa Khojali una desturi ya kukirudisha miguu juu. Nilikuwa miongoni mwa wabebaji. Nilikigeuza mimi mwenyewe, nikakirudisha mahali pake kando ya mitungi. Tangu siku hiyo hakuna aliyekilalia. Ihsan analala kwenye kitanda chake kule langoni, mbali.

"Anaogopa kulala karibu nacho," akasema. "Ungekuwa wewe usingeogopa?"

Nikalifikiri hilo njia nzima. Kama ni hivyo, kazi yangu inajulikana. Nikifanye kipya kabisa, kamba mpya, rangi ya mbao irudi, kisilie wala kuyumba, mpaka asiwe na sababu ya kukumbuka kilikokwenda.

12 Aprili

Nimempelekea Sittana chai chumbani. Feni yake ni ya zamani kuliko Mutasim. Kila ikizunguka inatoa mlio kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Nikasema nitaleta ngazi niitie mafuta.

"Feni yangu iache."

"Dakika tano tu."

"Una vitanda viwili vya kuharibu, Sirr al-Khatim. Havikutoshi?"

Akiniita kwa jina langu zima najua mjadala umefungwa.

15 Aprili

Tumekata kamba za vitanda vyote viwili. Kabla ya kukata kile cha Khojali nilitaka kujua kilio chake kinatoka wapi, nikakishika kitakizo cha kichwani nikakitikisa huku sikio langu likiwa juu ya kila tendegu kwa zamu. Tendegu la upande wa mitungi ndilo linalolia. Ulimi wa mfumbati umelika, tundu limepanuka, na mti unasuguana na mti.

Nilipokuwa bado natikisa, Sittana alitoka jikoni unga ukiwa mikononi. Akasimama pale kizingitini akatuangalia mimi na Hamad-Elnil.

"Unataka nini, Hajati?" Hamad-Elnil akamuuliza.

"Sikutaka kitu. Nilidhani kuna mtu."

Akarudi ndani.

16 hadi 22 Aprili

Joto. Tunafanya kazi alfajiri na baada ya alasiri tu. Ncha iliyooza ya tendegu la kitanda cha Khojali tumeikata kwa mshazari, tumeunganisha kipande cha mgunga mkavu alichokuwa nacho Hamad-Elnil, tumekibana kwa vijiti vya mbao. Kiungo kimekaa vizuri hata ukucha hauingii. Nimesugua mifumbati kwa msasa mpaka wekundu wa mti ukatokea chini ya weusi wa jasho na moshi, kisha mafuta ya ufuta, kitambaa, jua, mafuta tena.

Palipokuwa panalia, Hamad-Elnil amekata utepe wa ngozi kutoka kiatu chake cha zamani, akauzungusha kwenye ulimi kwa nta. Akauingiza tunduni. Akatikisa. Kimya.

"Sikiliza," akasema.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo kazi hiyo, Mwalimu. Watu husifia unachokiona. Seremala husifiwa kwa usichokisikia."

Sittana alituletea kisra, mikate yetu myembamba ya mtama, na mchuzi wa bamia. Alikigusa kitanda cha mumewe kwa nyuma ya mkono, kama agusavyo mtu paji la uso la mgonjwa.

23 Aprili

Nimenunua kamba ya majani ya mkoma, mti wa jamii ya mtende, kwa wanawake wa sokoni.

25 Aprili

Kuwamba. Kazi ya watu wawili na mdomo mmoja, maana mmoja lazima ahesabu na mwingine anyamaze avute. Nilitaka kuilowesha kamba kwanza kama baba yangu alivyokuwa akifanya. Hamad-Elnil akakataa.

"Kwa nini tuiloweshe?"

Nikakiri sijui sababu. Niliona tu ikifanywa.

"Basi wewe, mtu wa sayansi, unafanya kwa sababu uliona?"

Alinipata hapo. Tukawamba kavu. Alikanyaga mfumbati kwa mguu na kuvuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Jioni tulipomaliza kitanda cha Khojali, aliirusha sarafu juu yake ikaruka. Akakipiga kwa kiganja, kikatoa sauti ya ngoma. Majirani wakaja kukipiga na wao. Nilikwenda nyumbani nimefurahi.

27 Aprili

Naandika leo kwa mkono mzito.

Jana baada ya alasiri mbingu ya kaskazini ikawa ukuta. Tufani ya vumbi ilitukuta mimi na Ihsan tunaingiza nguo, na nyuma ya vumbi, jambo ambalo mwezi huu sikulitarajia, mvua. Haikuwa nyingi. Ilikuwa matone mazito yenye matope, mpaka ukuta ukawa na madoadoa kama ngozi ya chui. Vitanda vilikuwa nje. Tulikimbilia watu kwanza, kisha nguo, kisha tukakaa barazani tukitazama, na hakuna aliyefikiria vitanda, kwa sababu kitanda cha uani kimezaliwa kwa ajili ya uani.

Tukasikia mlio. Si mkubwa, kama mtu amevunja ukuni gotini. Kisha wa pili.

Kitakizo cha kichwani cha kitanda cha Khojali kilikuwa kimepasuka kwa urefu tangu tunduni hadi katikati, na lile tendegu lililounganishwa limepinda kuingia ndani. Kamba ilikuwa imekaza kiasi kwamba sikuweza kupenyeza kidole. Hakuna aliyekigusa wala kukikalia. Kilijivunja chenyewe.

Sittana alikuja akasimama kwenye tope na kandambili zake. Akakitazama kwa muda.

"Mwite mwokaji," akasema.

"Sittana—"

"Kimekwenda makaburini kikarudi, mkakikata, mkakivuta, mkakivunja. Kimechoka. Mwacheni kiumbe apumzike." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Umeme ulikatika na tufani. Asubuhi Ihsan alituma mtu kuniita. Sittana hakuwa ameanguka safari hii, lakini midomo yake ilikuwa imekauka na alimwita Ihsan kwa jina la mama yetu. Daktari akaja, akatundika maji, akanichukua pembeni.

"Mwalimu, hajati anakusikiliza wewe."

"Hajanisikiliza tangu nikiwa mtoto."

"Basi mfanye asikie kitu kingine," akasema, akafunga mkoba wake.

28 Aprili

Hamad-Elnil hajatoka kwake. Nimempelekea kahawa. Alikuwa amekaa juu ya kreti, akitazama ukuta.

"Niliivuta sana ile kamba."

"Tuliivuta sote wawili."

"Wewe ulikuwa unahesabu."

"Nilihesabu vibaya basi. Vaa kiatu. Nataka kujua kwa nini."

29 Aprili

Hii ndiyo sababu ninapenda dunia, hata katika wiki kama hii.

Tulifunga kipande cha kamba ileile kwenye boriti ya baraza, tukaning'iniza tofali, tukapiga mstari wa mkaa ukutani usawa wa tofali. Nikaimwagia kamba maji kwa kata, polepole, toka juu. Tukangoja. Ihsan akaacha kufagia. Tofali likapanda. Likapita mstari, taratibu, kwa upana wa kidole kizima, bila mtu kulivuta.

Nyuzi za mkoma zikinywa maji hunenepa. Zikinenepa, msokoto wa kamba hukaza, na kamba iliyokaza hufupika. Ukiiwamba ikiwa imelowa, imeshafupika. Ikikauka italegea kidogo nawe utaikaza kwa zile kamba ndogo zinazovuta wambo upande wa miguuni, na mvua ikija tena haitaweza kuvuta zaidi ya pale ulipoanzia. Ukiiwamba kavu kama ngoma, umeweka mtego, na anayekuja kuufyatua ni ama mvua, ama Ihsan na kata yake ya magharibi. Baba yangu alijua kufanya. Sasa najua kwa nini.

Sittana alikuwa amekaa mkekani, mgongo kwenye mto, akitazama.

"Hivyo ndivyo ulivyowafundisha watoto wa watu? Kupandisha matofali?"

"Umeliona lilivyopanda?"

"Nimeliona." Kisha, kana kwamba anamwambia mtu mwingine, "Mwagia tena."

Nikamwagia tena. Sikutaja mwokaji, wala yeye hakumtaja.

30 Aprili hadi 11 Mei

Kitakizo kipya. Hamad-Elnil amekichonga peke yake, hakuzungumza habari za treni hata mara moja. Kamba tumeilowesha usiku kucha ndani ya pipa. Tumewamba vitanda vyote viwili. Tumengoja vikauke. Tumekaza. Ngozi na nta tumeziweka tena katika ulimi ule, safari hii kwa ustadi zaidi.

12 Mei

Joto la kuondoa ndege mitini. Vitanda vimesimama juu ya vigae vyake, vyekundu, bila mlio. Jirani mmoja ameuliza tumevinunua wapi.

Sittana amekubali kulala nje leo. "Kwa ajili ya Hamad-Elnil," amesema, "asije akafa kwa huzuni nikabebeshwa dhambi."

13 Mei

Nilikwenda alfajiri. Kitanda chake kilikuwa kitupu na shuka imekunjwa. Alikuwa chumbani chini ya feni. Ihsan anasema alilala nje kidogo tu, akakaa kitako, akakaa muda mrefu, akaingia ndani.

"Kina kasoro gani?" nikamuuliza.

"Hakina kasoro."

"Mgongo?"

"Hauumi."

"Unakiogopa kile cha Khojali?"

Alinitazama kama nimemuuliza kama anaogopa mkono wake mwenyewe. "Nimwogope Khojali? Mimi?"

Nadharia yangu ya pili nayo imekufa. Nimefurahi kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu swali lingali hai. Lakini lori linakuja, na yeye anakonda.

14 Mei

Hakuna jipya.

17 Mei

Hakuna jipya. Joto limezidi.

20 Mei

Lori limekuja mapema. Vitanda vya chuma vimefunguliwa uani, magodoro bado yana plastiki. Sittana amelala kwenye kimoja kumridhisha Mutasim aliyekuwa kwenye simu.

"Vipi, Mama?"

"Kizuri, mwanangu. Kama kitanda cha hospitali."

"Si kizuri hicho?"

"Nimesema kizuri."

Usiku akarudi chumbani. Mutasim ameniambia nimpelekee mwokaji vile vya kamba kesho kutwa, na kwamba mwisho wa mwezi atakuja amchukue mama yake kwenye nyumba ya ghorofa Jedda yenye kiyoyozi. Sittana amelisikia hilo. Hajala chakula cha jioni.

22 Mei

Adhuhuri nilikaa chumbani kwake nikimpepea. Alikuwa amelala usingizi mzuri, feni ikilia juu yetu kama ule mlango unaofunguliwa na kufunguliwa. Umeme ukakatika. Feni ikazunguka mara chache, ikalia mara ya mwisho, ikasimama.

Akafungua macho papo hapo.

"Nini?" akasema.

"Hakuna kitu. Umeme tu."

"Ndiyo," akasema. "Hakuna kitu." Akabaki anatazama dari.

Hewa ilikuwa haijabadilika bado. Upepo wa mkono wangu ulikuwa bado unampata. Kilichobadilika ni kimoja tu. Nikaacha kupepea, nikakaa nikisikiliza ule ukimya, na nikakumbuka unga mikononi mwake siku ile tulipokitikisa kitanda, na alivyosema alidhani kuna mtu.

Umeme uliporudi, feni ikalia. Macho yake yakafunga.

Nikangoja mpaka alipoamka alasiri, nikampa chai.

"Sittana. Khojali alikuwa akigeuka sana usiku?"

Alicheka, kicheko nisichokisikia tangu msiba. "Khojali? Kama kisra juu ya bamba. Huku, kule, huku, kule. Na kitanda chake kinalia, kinalia. Tangu arusi namwambia, tulia wewe mwanamume, watu wanalala. Nazinduka, nasikia kile kitanda, najua yupo, nalala tena." Akapuliza chai. "Sasa nazinduka, nasikiliza. Hakuna kitu. Silali tena mpaka asubuhi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mtu mzima anataka kelele?"

23 Mei

Hamad-Elnil hakuamini.

"Ngozi ile ndiyo kazi safi kuliko zote tangu behewa la mkurugenzi, unataka niitoe?"

"Itoe yote."

"Kitalia."

"Ndiyo."

"Mwalimu, maisha yangu yote nimelipwa kuondoa kelele." Tukazilegeza kamba za miguuni, naye akachukua patasi hata hivyo. Alipoirudisha ile mbao tunduni alitikisa, akasikiliza, akachomoa, akakwangua kidogo, akatikisa tena. Sittana alikuwa amekaa barazani. Hakumwangalia.

"Hapana," akasema. "Kilio kilikuwa kirefu zaidi mwishoni."

Akakwangua tena.

"Karibu."

Akakwangua tena. Kikalia. Sittana akainuka akaingia jikoni, na kutoka huko tukasikia akisema, "Hapo. Msikiguse tena."

Lakini kitanda kitupu hakilii. Nikamwambia Ihsan akilalie yeye.

"Cha baba, Mjomba? Siwezi. Ni cha baba."

Mama yake akajibu kutoka jikoni. "Baba yako hakuwahi kumnyima mtu kitanda. Chukua shuka."

24 Mei

Nilifika kabla jua halijapanda. Sittana alikuwa uani, amekaa juu ya kitanda chake, kivuli cha ukuta bado ki juu yake, anasuka nywele zake, uso umenawiri.

"Sikulala hata kidogo," akaniambia kabla ya salamu. "Kitanda kile kelele tupu. Hamad-Elnil amekiharibu."

Nikamgeukia Ihsan, aliyekuwa anakunja shuka kwenye kitanda cha baba yake.

"Mjomba, alikoroma mpaka adhana," akasema. "Mimi ndiye sikulala. Kila nikigeuka naogopa nitamwamsha. Mara moja kikalia sana, akasema, 'Tulia, Khojali.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikatulia."

Sittana aliendelea kusuka. "Baba yako alikuwa akigeuka zaidi," akasema. "Leo jitahidi."

2 Juni

Amelala nje kila siku. Daktari alipita, akapima, akaondoka bila kutundika kitu. Vitanda vya chuma viko barazani kwa ajili ya wageni. Mwokaji ametafuta kuni kwingine. Mutasim alipiga simu kuuliza habari za Jedda.

"Njoo wewe ulale hapa," mama yake akamwambia. "Kitanda cha wageni kipo, ila kizito kidogo kwa usingizi. Hakisemi."

18 Juni

Mto umeanza kuongezeka maji na kubadilika rangi. Ihsan ananyunyizia ua kila magharibi, na anaanzia upande wa lango, mbali na mitungi. Vigae vimekaa mahali pake. Kamba zimelegea kidogo kama nilivyotarajia, na leo nimezikaza miguuni, kila moja kiasi.

Kiungo kinacholia, cha tendegu la kichwani la kitanda cha Khojali, upande wa mitungi, sikukigusa. Atakayekirithi kitanda hiki atadhani mafundi wake walikuwa wazembe pale, na atatamani kupiga msumari. Kwa ajili yake, na kwa yeyote mwenye kiti au kitanda kikuukuu cha uani anachotaka kukifufua badala ya kununua kingine: leo, kabla hujashika nyundo, kilalie, geuka ubavu wa pili, kisha muulize anayelala karibu nawe amesikia nini.